Nani Atatunga Gemu ya Butura?

Hivi majuzi nilikuwa Omurushaka, wilayani Karagwe, nikisubiri gari la kwenda Kyerwa. Gari halikuwa na haraka, nami nikajibanza kwenye kibanda cha gemu kukwepa mvua. Ndani mlikuwa na televisheni, PlayStation ya zamani na vijana wamebanana kwenye benchi, wanacheza mpira wa Ulaya kwa vidole. Kila mechi ina bei yake, na mwenye kibanda hakopeshi.

Kijana mmoja, mwanafunzi wa kidato cha tatu, akanigeukia: "Shikamoo mzee. Hivi hizi gemu nani anazitunga?" Nikamjibu: "Wazungu na Wajapani." Wakacheka, mchezo ukaendelea. Lakini njia nzima jibu lile lilinikera, kwa kuwa lilikuwa la uvivu, na isitoshe si kweli.

Yupo mtu aitwaye Lual Mayen. Wazazi wake waliikimbia vita ya Sudan Kusini, naye akazaliwa safarini kuelekea Uganda. Katika safari hiyo mama yake alipoteza mabinti wawili. Lual alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, akakaa huko zaidi ya miaka 20. Mwaka 2007 aliona kompyuta kwa mara ya kwanza, mahali wakimbizi walipokuwa wakiandikishwa, akamwambia mama yake kwamba anaitaka. Mama hakusema kitu. Aliweka akiba kimyakimya kwa miaka mitatu hadi zikatimia dola 300, akamnunulia. Kambini hapakuwa na umeme wa kuichaji, kwa hiyo kijana alitembea saa tatu kwenda na saa tatu kurudi.

Gemu aliyoiona mwanzoni ilikuwa Grand Theft Auto, ile ya kuiba magari na kupiga watu risasi. Hapo ndipo ninapomheshimu. Wengi wetu tungeicheza tu, au tungeilaani. Yeye alijiuliza jambo jingine: ikiwa gemu inaweza kumzoesha mtu kupigana, kwa nini isimzoeshe kutafuta amani? Akajifunza mwenyewe kutunga programu, akatunga gemu aliyoiita Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayekimbia huku akitafuta maji na chakula. Baadaye alihamia Marekani, akaanzisha kampuni ya Junub Games, na Desemba 2018 alitunukiwa heshima katika sherehe za tuzo za gemu huko Los Angeles.

Sisi wa Karagwe hatuhitaji kuelezwa kambi ni nini. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walijaa huku na Ngara. Na ukivuka mto Kagera pale Murongo uko wilaya ya Isingiro ya Uganda, iliko Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwaka 1958. Hadithi aliyoitunga Lual imepita milangoni mwetu.

Sasa nieleze ni nini hasa mtunzi anachokitunga, maana tunaona picha tukadhani ndiyo gemu. Sivyo. Gemu kwanza ni kanuni: una nini, unaruhusiwa kufanya nini, ukikosea unapoteza nini. Bao letu, ambalo Waganda huliita omweso na Wanyarwanda igisoro, ni mashimo na kete tu, tena watoto huchimba mashimo hayo ardhini. Hata hivyo wazee hulikalia mchana kutwa. Rangi na sauti huja baadaye, na ndizo zinazokula fedha.

Chukua butura. Kwa wasomaji wa mjini, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu shida haikusubiri mavuno. Baba yangu aliuza hivyo mara mbili, miaka ya tisini, ili nilipiwe ada. Ada ilidaiwa Januari, kahawa ingeiva kuelekea katikati ya mwaka. Hebu itazame kama gemu. Mchezaji ana kibanja cha migomba na mibuni. Mtoto anadaiwa ada, bibi anaugua, mnunuzi wa butura amesimama uani na noti mkononi. Uze mibuni mingapi? Ukiuza yote leo umenusurika, lakini mavuno yakifika utamchumia mwenzio. Ukikataa, mtoto anarudishwa nyumbani. Baba yangu angeicheza gemu hiyo vizuri kuliko mtaalamu yeyote wa Tokyo, na nadhani bado angeshindwa.

Kwa upande wa biashara, sitaki kumdanganya yule kijana. Gemu kubwa hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa, na gharama ikishakuwa kubwa kiasi hicho matajiri huogopa jambo jipya, ndiyo maana ile ya mpira hutolewa kila mwaka ikiwa karibu ile ile. Hata huko ajira si salama: mwaka 2023 na 2024 maelfu ya watengenezaji walipunguzwa kazini. Simu ya mkononi imefungua mlango mdogo, kikundi cha watu wachache kikaweza kutoa kitu. Wesley Kirinya wa Kenya alishatengeneza Adventures of Nyangi mwaka 2007, kisha 2009 akashirikiana na Mghana, Eyram Tawia, kuanzisha Leti Arts. Utajiri ni habari nyingine.

Lual mwenyewe alibuni pia mchezo wa ubaoni, Wahda, usiohitaji kompyuta. Kwa hiyo nikimwona tena kijana wangu nitamwambia aanze na kartoni, punje za kahawa na wale wenzake wa kwenye benchi, waicheze butura hadi wagombane juu ya kanuni. Kuhusu kompyuta, ipo shule moja huku niliyoitembelea, nayo inazo kadhaa, zimefunikwa vitambaa safi na chumba kimefungwa. Niliuliza ufunguo uko wapi. Anao mwalimu mmoja, nikaambiwa, naye amehamishwa.