Maji Mageni: Mtumbwi Mdogo katika Bwawa la Mtera

Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hiyo aghalabu hutumiwa kwa mambo ya maisha kwa jumla, lakini kwa mvuvi wa mtumbwi ni kanuni ya kazi. Katika makala haya tutaitazama kwa jicho la sayansi, na mfano wetu utakuwa Bwawa la Mtera, lililoko mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Dodoma mjini. Tangu bwawa hilo lijae, karibu na mwaka 1980, limewavuta wavuvi wengi, wakiwamo waliokulia pwani na kandokando ya maziwa makuu. Barabara ya lami iendayo Iringa, ambayo hupita hapo penye bwawa, huwafikisha pia wakazi wa mjini wapendao kuvua perege na kambare mwisho wa juma. Kila mmoja huja na ujuzi wake. Swali ni hili: je, ujuzi wa maji mengine unafaa hapa? Jibu ni kwamba unafaa kwa sehemu tu, na ile sehemu isiyofaa ndiyo inayoua.

Ni nini kinachopandisha maji?

Mvuvi wa Bagamoyo au Unguja hutazama mwezi. Anajua kwamba maji hujaa mara mbili katika muda wa siku moja, na kwamba kati ya kujaa na kujaa hupita saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku maji hujaa kwa kuchelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Wakati wa bamvu, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti baina ya maji kujaa na kupwa huweza kukaribia mita nne. Wakati wa maji mafu hupungua sana. Kalenda hiyo haikosei, kwa sababu chanzo chake ni mvutano wa mwezi na jua.

Huko Mtera mwezi hauna kazi ya kuonekana. Bwawa lilijengwa ili kuhifadhi maji ya Mto Ruaha Mkuu na Mto Kizigo kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu, iliyoko chini zaidi mtoni. Na tangu mwaka 1988 ipo mitambo Mtera penyewe, yenye uwezo wa megawati 80. Kwa hiyo maji hupanda kwa mvua zinazonyesha mbali, katika nyanda za juu za kusini, na hushuka kwa sababu mbili: mitambo huyatumia, na jua huyanyonya. Katika sehemu hizi kavu za nchi, mvuke unaopotea juu ya maji wazi kwa mwaka mmoja hufikia takriban mita mbili, wakati mvua ya Dodoma haifiki hata theluthi moja ya kiasi hicho.

Bwawa likijaa kabisa, uso wa maji huwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na eneo lake huzidi kilomita za mraba 600. Kiwango cha chini kinachoruhusiwa kwa mitambo ni mita 690. Tofauti ni mita nane na nusu tu. Lakini bonde lenyewe ni tambarare. Tuseme ufuko una mteremko wa mita moja katika kila mita 500: maji yakishuka mita mbili, ukingo utarudi nyuma kilomita nzima. Mwaka 2006, ukame uliposhusha maji ya Mtera hadi kwenye kiwango hicho cha chini, nchi iliingia katika mgawo wa umeme. Na mvuvi naye alilikuta bwawa jingine kabisa.

Hapa ndipo ilipo hatari ya kwanza. Bonde hilo lilikuwa na miti kabla ya kufurika, na mingi imebaki imesimama mikavu ndani ya maji. Mwamba wa pwani hufunuliwa mara mbili kila siku, nao hukaa mahali pake. Mvuvi huukariri angali kijana. Kisiki cha Mtera hufichwa kwa miezi, kisha hukaribia uso wa maji polepole bila mtu kutambua. Njia iliyokuwa salama mwezi wa Mei inaweza kupasua mtumbwi mwezi wa Oktoba, na mwaka ujao mambo yakawa mengine tena. Ujuzi wa mwaka jana ni ujuzi uliochakaa.

Upepo na mawimbi

Ukubwa wa wimbi hutegemea mambo matatu: kasi ya upepo, muda unaovuma, na urefu wa maji wazi ambayo upepo unapita juu yake. Mgeni anayetazama bwawa alfajiri huliona limetulia kama mafuta, akadhani ni dimbwi kubwa tu. Lakini bwawa lina urefu wa makumi ya kilomita, na tena katika sehemu nyingi kina chake ni kidogo. Wimbi linaloingia katika maji ya kina kifupi hujikusanya: huwa fupi na lenye mgongo mkali. Mawimbi ya namna hiyo hufuatana upesi, na mtumbwi hauna nafasi ya kupumua baina ya moja na jingine.

Utulivu wa alfajiri nao una sababu yake. Usiku ardhi hupoa, na hewa iliyo karibu nayo hulala. Jua likipanda, ardhi hupata joto, hewa ya chini hupanda na ile ya juu yenye kasi hushuka. Hivyo basi upepo wa kusini-mashariki, unaotawala wakati wa kiangazi, huzidi nguvu kadiri asubuhi inavyosogea kuelekea adhuhuri. Aliyevuka kwenda ng'ambo saa moja asubuhi hurudi saa sita katika maji tofauti.

Mwanzoni mwa masika ya Dodoma, mwezi wa Novemba na Desemba, kuna adui wa aina nyingine. Hewa iliyopozwa na mvua ndani ya wingu huwa nzito. Huanguka, na ikigusa chini hutawanyika pande zote, ikilitangulia wingu lenyewe. Dalili zake ni baridi ya ghafla na ukuta wa vumbi nchi kavu. Anayesubiri tone la kwanza ndipo apige kafi amechelewa.

Chombo na mwili

Ngalawa ya pwani ina mirengu, yaani mbao za ubavuni zinazoizuia isipinduke. Mtumbwi wa bara aghalabu hauna. Usalama wake umo katika kuuweka uzito chini: mvuvi anaposimama kutupa wavu, huupandisha uzito wake juu na kuupunguzia mtumbwi uthabiti wake. Wainuit wa nchi za barafu, waliobuni kayaki, walilijua jambo hilo. Muwindaji huketi chini kabisa ndani ya chombo chembamba na kuvuta kafi lenye ncha mbili.

Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, pia hayambebi mtu sawasawa na bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi, na ya maji baridi gramu 1,000. Mtu ambaye mwili wake una ujazo wa lita 60 hukosa hapa msaada wa kilo moja na nusu. Kiasi hicho kinatosha kuamua kama mdomo uko juu ya maji au chini yake. Kwa hiyo hata muogeleaji wa pwani hana budi kuvaa jaketi la kujiokolea.

Mwisho ni wanyama. Kiboko hutoka usiku kwenda kula majani na hurudi majini alfajiri, saa zile zile ambazo mvuvi huondoka. Usikae kati yake na maji ya kina. Mamba naye hupenda kingo zenye matope. Usioshe samaki hapo.

Maswali matatu

Kabla ya kusukuma mtumbwi, mgeni na awaulize wenyeji maswali matatu: maji yanapanda au yanashuka msimu huu, upepo huamka saa ngapi na kutoka wapi, na visiki na viboko viko wapi mwezi huu, si mwaka jana. Majibu hayamo katika ramani. Wanayo wale waliolala ufukoni jana, hata kama hawakuingia darasani kamwe. Kazi ya sayansi ni kueleza kwa nini majibu yao ni ya kweli, na kwa nini hubadilika. Mvuvi anayeuliza hurudi nyumbani na kitoweo; na asipopata samaki, walau hurudi.