Tulimpeleka bibi kiwandani akaone chai yake inakoishia

Leo sina habari za siasa wala mpira. Nataka niwape stori ya safari ya familia, siku moja tu, viwanda viwili, ila nimejifunza mambo ambayo miaka minne ya sekondari hayakuniingia kichwani.

Bibi yangu anaishi Rungwe na ana shamba dogo la chai. Amechuma zaidi ya miaka 30, kikapu mgongoni, mvua na ukungu, lakini ndani ya kiwanda alikuwa hajawahi kukanyaga. Anaishia kituoni, majani yanapimwa, lori linachukua, basi. Na kila mara karani anamkata kilo moja au mbili, mara anasema majani yameloa, mara yameungua. Bi mkubwa akasema safari hii twende wote tukaone hayo majani yanafanywa nini. Tukaandika barua kiwandani wiki mbili kabla, tukakubaliwa. Jumamosi alfajiri tukapanda Coaster kutoka Mbeya mjini mpaka Tukuyu, kama kilomita 70 hivi: mimi, bi mkubwa na madogo wawili. Bibi tukamkuta kashavaa kitenge kipya.

Sasa twende ndani. Ukifika unavalishwa koti jeupe na kofia ya kufunika nywele, halafu unaambiwa usiguse kitu.

Kwanza majani yanamwagwa kwenye vitanda virefu vyenye wavu, chini yake feni kubwa zinapuliza hewa. Hapo yananyauka kwa saa 12 mpaka 18. Jani bichi karibu robo tatu yake au zaidi ni maji, kwa hiyo lazima lilegee kwanza. Baada ya hapo linapita kwenye mashine wanayoiita CTC, ina roli zenye meno zinazozunguka kwa kasi tofauti. Inakata, inachana na kukunja, majani yanatoka kama punje punje za kijani zenye unyevu.

Halafu linakuja lililonishangaza. Hizo punje zinaachwa zipigwe na hewa, kama saa moja hadi moja na nusu, na rangi inageuka kutoka kijani kuwa kahawia kama shaba mbele ya macho yako. Hawaweki rangi wala dawa! Ukikata parachichi ukaliacha mezani si linakuwa jeusi? Ndiyo hiyo hiyo. Utomvu wa jani unakutana na hewa. Wao wanaita kuchachusha, ingawa hakuna hamira. Wakichelewa chai inapoteza ukali, wakiwahi inakuwa na ladha ya majani mabichi.

Kisha inakaushwa kwa hewa ya moto inayozidi nyuzi 100, moto wenyewe unatoka kwenye tanuri la kuni za mikaratusi. Inatoka na maji asilimia 3 hivi tu. Mwisho inachekechwa na kupangwa madaraja: BP1 punje kubwa, PF1 ndogo zaidi, halafu PD, na D1 ndiyo vumbi. Na wale mnaosema eti chai ya vumbi inafagiwa sakafuni, acheni hizo. Ni punje ndogo sana za chai ile ile, ndiyo maana inatoa rangi haraka kikombeni.

Kaka aliyetutembeza akasema kilo 5 hivi za majani mabichi zinatoa kilo 1 ya chai kavu. Bibi akasimama. Akapiga hesabu kwa vidole. "Kwa hiyo kikapu changu cha kilo 20 ni kilo 4 za chai?" Ndiyo bibi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena, "Na jani kuungua ni nini, mjukuu wangu?"

Akaelezwa vizuri. Jani likishachumwa bado linapumua na linatoa joto. Ukilishindilia kwenye gunia au likakaa muda mrefu juani, joto linakosa pa kutokea, jani linageuka jekundu humo humo kabla halijafika kiwandani. Hilo halina soko. Dawa yake ni kutoshindilia, kutumia gunia linalopitisha hewa na kulifikisha kiwandani mapema.

Bibi akasema, "Mimi naleta kituoni saa sita mchana. Lori linakuja saa kumi na moja. Likiungua hapo katikati, anakatwa nani?"

Yule kaka akaangalia chini. "Bibi, hilo haliko idara yangu." Hakuwa mtu mbaya, alitujibu kila kitu. Ila hilo halikupata jibu.

Mchana tukapita kiwanda kidogo cha maziwa, madogo walishaahidiwa mtindi. Hapo nikaona tofauti. Mfugaji analeta ndoo, mpokeaji anatumbukiza laktomita mbele yake: maziwa yakiongezwa maji, inazama zaidi. Kisha anachanganya maziwa kidogo na spiriti, yakikatika yameanza kuharibika. Mfugaji anaona mwenyewe. Akikataliwa anajua sababu, hata kama roho inamuuma. Maziwa yakipita yanachemshwa kwa nyuzi 63 dakika 30 kuua vijidudu, yanapoozwa mpaka nyuzi 43 hivi, yanatiwa kimea cha mtindi, saa kadhaa baadaye yameganda. Madogo walikunywa vikombe viwili viwili bila aibu.

Kwa hiyo wadau, ukipeleka familia kiwandani usiishie kushangaa mashine. Uliza mzigo unapimwaje mlangoni, nani anashika mizani na mkulima anaona nini. Bei inaanzia pale.

Kama mnataka kwenda: andikeni barua kwa meneja mapema, mseme mko wangapi na kama kuna watoto. Vaeni viatu vya kufunika, siyo ndala. Kwa chai nendeni msimu wa mvua, kiangazi majani ni machache, mnaweza kukuta mashine zimelala. Watoto wadogo washikwe mkono muda wote, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha.

Jioni wakati tunaagana bibi akaniita pembeni, akanipa hela zilizofungwa kwenye pindo la kitenge. Ninunue mizani ya kuning'iniza, awe anapima nyumbani kabla ya kwenda kituoni. Nimeipata jana sokoni. Kesho inapanda gari kwenda Tukuyu.

Je, huko kwenu mnauza chai, maziwa, miwa au korosho? Mzigo wenu anapima nani, na mnaona mizani? Tupieni maoni hapo chini.