Mpira, Dagaa na Fimbo

Bandarini Mombasa, mbwa wa kunusa hupitishwa kando ya makontena, pua ikifuata upenyo wa mlango kutoka juu hadi chini. Akiikuta harufu ya pembe ya ndovu habweki wala hakwaruzi. Anakaa kitako na kumkazia macho mwongozaji wake. Hapo hapo mpira unarushwa, naye anaurukia. Pembe zenyewe hana haja nazo. Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya mpira.

Mbwa wa namna hii hufundishwa Usa River, nje kidogo ya Arusha, katika mpango wa shirika la African Wildlife Foundation. Fimbo haina kazi katika somo lao, na sababu si huruma peke yake. Kunusa hufanyika ndani ya pua. Mbwa akiamua kupita tu mbele ya kontena bila kunusa, aliyeshika kamba atajuaje? Mnyama wa kazi hiyo lazima aitake kazi mwenyewe.

Majumbani mambo ni mengine. Mbwa wa ulinzi hushinda kwenye mnyororo, hufunguliwa usiku, na elimu yake ni teke na fimbo. Jina lake, Simba au Popi, hulisikia likitajwa kwa ukali tu, kisha mwenye nyumba anashangaa kwa nini akiitwa hukimbilia uvunguni mwa gari.

Imani ya fimbo ina mabingwa wake. Mwaka 1910 Konrad Most, aliyekuwa akifundisha mbwa wa polisi Ujerumani, alichapisha mwongozo uliotegemea sana kushurutisha. Marekani, William Koehler akafuata njia inayofanana mwaka 1962. Baadaye hoja ikatafutiwa ushahidi kwa mbwamwitu wa nchi za baridi. Rudolf Schenkel alikuwa ameandika mwaka 1947 jinsi mbwamwitu waliofugwa kizuizini huko Basel walivyogombania ukubwa, na watu wakahitimisha kwamba binadamu naye ni lazima amshinde mbwa wake nguvu. David Mech, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kililieneza wazo la mbwamwitu mbabe, alilisahihisha mwenyewe mwaka 1999: porini, kundi la mbwamwitu kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Masahihisho hayo hayakuenea kwa kasi ya kosa.

Mbwa anayepigwa hutii, hilo halina ubishi. Hutii fimbo ikiwepo.

Tatizo kubwa ni muda. Mbwa huunganisha tendo lake na kile kinachofuata papo hapo, ndani ya sekunde chache. Mwenye nyumba anarudi jioni, anakuta kiatu kimetafunwa tangu asubuhi, anamtandika mbwa aliyekuja mbio kumlaki. Alichojifunza mbwa ni kwamba kulaki kunaumiza. "Anajua kosa lake, mwone alivyolaza masikio!" Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima jambo hili na kuona kwamba ile sura ya hatia hujitokeza zaidi mbwa anapokaripiwa, awe amekula kilichokatazwa au hajakigusa. Kumbe mbwa alikuwa akisoma uso wa bwana wake.

Hatari zaidi ni kumchapa kwa sababu ya kunguruma. Atajifunza kunyamaza, hofu yake ikibaki palepale, na siku moja atang'ata bila onyo.

Kipimo kizuri cha njia ya zawadi kiko Morogoro, tena kwa mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumsifu kwa utiifu. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kutambua harufu ya mabomu ya ardhini na ya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya akipatia husikia mlio mfupi, tik, kisha hupewa chakula kama ndizi. Mkono wenye ndizi huchelewa, kwa hiyo mlio humwambia ni tendo gani hasa lililolipwa. Panya mmoja, Magawa, aliyefunzwa huko kisha akapelekwa Kambodia, aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, na mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza. Mchape panya uone kama atakutafutia bomu.

Kwa mbwa, utafiti uliofanywa Ureno na kuchapishwa mwaka 2020 uliangalia mbwa 92 wa shule mbalimbali. Waliofundishwa kwa kukaripiwa na kukabwa kwa mkanda wa shingoni walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo. Mwaka huohuo watafiti wa Lincoln, Uingereza, waliona kwamba mikanda ya umeme haikuwashinda wakufunzi wa zawadi hata katika kumfundisha mbwa kuja anapoitwa. Wales iliipiga marufuku mikanda hiyo tangu 2010.

Zawadi yenyewe si lazima iwe biskuti za dukani. Dagaa mkavu mmoja hutoa vipande vitatu. Mbwa anayerukia wageni asipewe macho, mkono wala neno. Miguu yote minne ikitua chini, kipande. Siku za mwanzo huenda akarukia kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo wengi huokota fimbo wakidhani dagaa ameshindwa. Akishazoea, vipande vipungue, vitolewe mara mojamoja. Dada wa kazi na watoto nao wafuate utaratibu huohuo, la sivyo mbwa atajua ni nani wa kumrukia.

Wapo wanaohofu kwamba mbwa wa kubembelezwa hatalinda. Kumbwekea mgeni hakuhitaji somo. Kinachohitaji somo ni kunyamaza na kurudi anapoambiwa, maana anayeingia getini mchana mara nyingi ni muuza maziwa.

Anayetaka kumlipa mkufunzi amuulize mapema: mbwa akikosea, utamfanya nini? Kisha aombe kukaa pembeni atazame somo zima. Na mkufunzi anayetaka kuondoka na mbwa kwa mwezi mzima amrudishe "ameiva" aulizwe swali la ziada: watu wa nyumbani watafundishwa lini?