Kabla Hujanunua Sensa Mpya
Taa ya injini ikiwaka na mashine ya uchunguzi ikasoma msimbo P0135, wengi hukimbilia dukani. Mimi huanza na nyaya. Msimbo huo unalalamikia saketi ya hita iliyo ndani ya sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya katalisti. Haujasema sensa imekufa. Sensa haisomi vizuri mpaka ipate joto la nyuzi 300 na zaidi, ndiyo maana ikawekewa hita.

Nachomoa plagi ya sensa, injini inanguruma, napima upande wa gari. Volti 12 au zaidi hazipo? Naangalia fyuzi, kisha nafuata waya hadi pale ulipoegemea ekzosi ukayeyuka ganda. Umeme upo? Nageukia sensa yenyewe, ikiwa ya baridi, kwenye nyaya mbili za rangi moja. Omu chache, hita ni nzima. Multimita isiposoma kitu, imekatika. Sasa mteja atoe pesa.

Ishara ya sensa ni habari nyingine. Sensa ya kawaida, injini ikiwa moto, hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9. Lakini Toyota nyingi zina sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, isiyocheza hivyo. Inaniuma kuona sensa nzima zikitupwa kwa kutojua tofauti hiyo.