Je, Wajua? Vimeng'enya Jikoni na Mwilini

Je, wajua kwamba tonge la ugali ukilitafuna taratibu bila kulimeza huanza kuwa tamu? Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, nacho huukata wanga kuwa sukari. Jaribu leo jioni.

Kwamba papai bichi hulainisha nyama ya mishkaki kwa sababu utomvu wake una papaini, kimeng'enya kinachovunja protini? Ukilichemsha kwanza papai hilo, umeharibu kazi: joto kali huvuruga umbo la kimeng'enya, na bila umbo lake hakifai kitu.

Kwamba katika karne ya 19 wanasayansi wengi waliamini uchachu hauwezekani bila seli iliyo hai? Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira pamoja na mchanga, akaikamua, akatia sukari katika maji yake. Yakatoa mapovu, ilhali seli zote zilikuwa zimeshapasuliwa: kumbe kazi ilikuwa ya vimeng'enya! Jaribio hilo lilimpa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907, na kwa maoni yangu lilistahili hata zaidi ya hapo.

Kwamba nguvu ya kufumba jicho na ya kubeba gunia hutoka kwenye molekuli ileile, ATP? Akiba yake mwilini ni ndogo mno, kwa hiyo huvunjwa na kuundwa upya mchana na usiku. Ukijumlisha ATP yote inayoundwa kwa siku, uzito wake hukaribia wa mtu mwenyewe. Nyingi huundwa ndani ya mitokondria, vinu vidogo vya nguvu vilivyo ndani ya seli, na kimeng'enya kinachozunguka kama pangaboi, kikisukumwa na mkondo wa protoni.

Kwamba chembe nyekundu za damu hubeba oksijeni lakini zenyewe haziitumii kupata nguvu? Hazina mitokondria.

Kwamba watu wazima wengi duniani hupungukiwa na laktesi, kimeng'enya cha kumeng'enya sukari ya maziwa? Wafugaji wengi wa kwetu Afrika Mashariki hawana shida hiyo. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba Watanzania, Wakenya na Wasudani wanaoyamudu maziwa wana mabadiliko ya vinasaba tofauti na yale ya Wazungu.

Na muhogo mchungu, je? Ndani ya seli zake linamarini, kemikali iliyobeba sianidi, hukaa mbali na kimeng'enya kinachoivunja. Ukiukwaruza au kuutafuna, viwili hivyo hukutana na sianidi hutoka. Sianidi hukifunga kimeng'enya cha mwisho cha mitokondria, kile kinachokabidhi elektroni kwa oksijeni. Oksijeni imejaa kwenye damu, seli haiwezi kuitumia. Ndiyo maana sumu hii huua haraka.

Ikiingia kidogokidogo kwa majuma, kwa mtu anayekosa protini, huhusishwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu moja kwa moja. Umeripotiwa Kongo, Msumbiji na Tanzania, na huwapata zaidi watoto na wanawake wakati wa ukame au vita, watu wanapofupisha maandalizi ya muhogo.

Kinga ni kukiachia kimeng'enya kilekile muda wa kumaliza kazi, ili sianidi ipotelee majini na hewani kabla ya chakula kufika sahanini. Kwa hiyo njaa isikuharakishe: muhogo mchungu umenye, uloweke siku tatu au zaidi, maji yamwage, kisha uanike mpaka ukauke kabisa.