Mgongo Ukipinda, Tazama Nyonga

Wakati mwingine wa kwanza kugundua si daktari, ni fundi cherehani. Anampima msichana sketi ya shule, anashona, mtoto akija kuijaribu pindo limeshuka upande mmoja. Fundi anapima upya. Kitambaa hakina kosa. Kiuno ndicho kimelala.

Uti wa mgongo umesimikwa juu ya fupanyonga. Mguu mmoja ukiwa mfupi, fupanyonga huinamia upande huo, na uti hujipinda kurudi upande wa pili ili kichwa kisielemee upande mmoja. Mpindo wa namna hii hujulikana kirahisi: mkalishe mtoto, au mwekee kibao chini ya mguu mfupi. Mgongo ukinyooka, tatizo liko chini. Usiponyooka, huenda ni skoliosi yenyewe, ambayo pingili zake hupinda na kujizungusha pia. Ndiyo maana mtoto akiinama, mbavu za upande mmoja huinuka kama nundu. Kipimo hicho cha kuinama alikieleza William Adams, daktari mpasuaji wa Uingereza, katika karne ya 19, na mpaka leo hakidai kifaa chochote. Eksirei huthibitisha: mpindo wa nyuzi 10 au zaidi huitwa skoliosi.

Mimi hunivutia zaidi picha ya eksirei inayopigwa kutoka ubavuni. Miaka ya 1990, Ginette Duval-Beaupère wa Ufaransa na wenzake walieleza pembe moja ya fupanyonga, inayopimwa kati ya uso wa juu wa sakramu, mfupa ulio mwisho wa uti nyuma ya nyonga, na vichwa vya mifupa ya paja. Watu wazima wengi wana nyuzi zinazokaribia 50. Wengine 35, wengine hupita 80. Mtu akishamaliza kukua, pembe hiyo ni yake kama pua yake. Mwenye pembe kubwa huhitaji mbonyeo mkubwa kiunoni ili kifua kikae juu ya nyonga. Mwenye ndogo, mgongo wake hukaribia kuwa bapa. Ile amri ya "simama wima" tuliyopigiwa shuleni ilitaka migongo yetu yote ifanane! Hata wapasuaji walijifunza kwa taabu: uti ukiungwa kwa vyuma bila kuijali pembe hiyo, mgonjwa aweza kubaki ameinama mbele, akikunja magoti ili asimame.

Skoliosi huongezeka kwa kasi mtoto anaporefuka haraka, wakati wa balehe. Kwa hiyo pindo la sketi likilala, usibadilishe fundi. Mpeleke mtoto kwa daktari wa mifupa.