Polipu waharibifu: Adui anayejificha ndani ya tangi la matumbawe

KAZI ya kawaida ya kusafisha tangi la samaki iliwafikisha watu 10 hospitalini katika kijiji cha Steventon, eneo la Oxfordshire nchini Uingereza, mnamo Machi 2018. Miongoni mwao walikuwa wazimamoto wanne waliofika kutoa msaada. Sumu ilikuwa imetoka katika matumbawe yaliyoondolewa kwenye tangi la nyumbani.

Kisa hicho kinadhihirisha kwamba anayefuga matumbawe hana budi kumtambua kiumbe aliye mbele yake kabla ya kumgusa.

Polipu ni mnyama mdogo mwenye mwili laini, mdomo mmoja na minyiri inayouzunguka mdomo huo. Matumbawe yenyewe hujengwa na polipu wengi wanaoishi pamoja. Hata hivyo, wapo jamaa zao ambao huingia tangini bila mwaliko, wakiwa wamejificha katika nyufa za mawe yaliyonunuliwa, kisha wakaongezeka kama magugu shambani.

Anayesumbua zaidi ni anemoni aitwaye Aiptasia. Ana shina refu, rangi ya kahawia inayokaribia kupenyeka kwa nuru, na minyiri myembamba iliyochongoka. Akiguswa, hunywea mara moja na kutoweka ndani ya ufa. Huwachoma majirani wake kwa chembe zenye sumu, na matumbawe yanayoguswa naye hunyauka na hata kufa.

Wa pili hujulikana na wafugaji kama 'majano'. Huyu ni mfupi na mnene, na ncha za minyiri yake ni butu, mara nyingi zikiwa na rangi ya kijani au kahawia. Jina hilo lina asili ya karibu na nyumbani. Mnamo 1900, mtaalamu wa Uswidi, Oskar Carlgren, alichapisha maelezo kuhusu anemoni wa Afrika Mashariki, na mmoja wao akampa jina la kisayansi Anemonia manjano, neno ambalo kila Mswahili analitambua.

Kosa la kwanza wanalofanya wengi ni kumkwangua Aiptasia kwa kisu au kumponda kwa kidole. Kiumbe huyu huzaana kwa kuacha vipande vya wayo wake juu ya jiwe, na kila kipande chaweza kukua na kuwa anemoni kamili. Hivyo basi, anayemkata mmoja huenda akavuna 10.

Njia iliyo salama zaidi ni kulitoa jiwe zima, iwapo ni dogo na halina matumbawe ya thamani. Isipowezekana, mfugaji huzima pampu ili maji yatulie, kisha kwa bomba la sindano akamdunga anemoni maji ya ndimu, au akamfunika mdomo kwa uji mzito wa chokaa safi ya hidroksidi ya kalisi. Wachache tu ndio hushughulikiwa kwa siku, kwa kuwa chokaa nyingi huongeza ualkali wa maji ghafla na kuwadhuru samaki.

Aidha, wapo wanyama wanaoweza kukabidhiwa kazi hiyo. Kamba wadogo wa jamii ya Lysmata, wenye milia myekundu, huwala Aiptasia wachanga, ingawa wengine wao huacha kazi wakizoea chakula cha samaki. Samaki aitwaye Chelmon rostratus, wa ukoo wa kitatange, huwadonoa kwa mdomo wake mrefu, lakini ni mgumu kufuga na huwala pia minyoo isiyo na hatia. Konokono asiye na kombe, Berghia stephanieae, hali kitu kingine ila Aiptasia. Akiwamaliza, naye hufa njaa asipohamishiwa tangi jingine.

Hatari kubwa kwa binadamu, hata hivyo, hutoka kwa polipu wa jamii ya Palythoa na jamaa zao. Hawa hufanana na vifungo vya shati vilivyopangwa kama mkeka juu ya jiwe, kila kimoja kikiwa na minyiri mifupi ukingoni. Baadhi yao hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazotokana na viumbe. Wanasayansi walitangaza kuitenga sumu hiyo mnamo 1971, kutoka kwa polipu wa Hawaii ambao wenyeji walikuwa wakiwajua tangu zamani kuwa ni wa kuua.

Jiwe lenye polipu wa aina hiyo halichemshwi kamwe, wala halimwagiwi maji moto, kwa sababu mvuke huweza kuipeleka sumu mapafuni. Vilevile halisuguliwi kwa brashi likiwa nje ya maji. Anayelishughulikia huvaa glavu na miwani ya kinga, hufungua madirisha, na huwaweka mbali watoto na wanyama wa nyumbani. Mwenye kidonda mkononi amwachie mwingine kazi hiyo.

Dalili za kudhurika ni pamoja na homa, maumivu ya misuli na kifua, kukosa pumzi na ladha ya chuma mdomoni. Dawa mahsusi ya kuiondoa sumu hiyo haijapatikana. Madaktari hutibu dalili tu. Kwa hiyo, mgonjwa apelekwe hospitalini bila kuchelewa, na daktari aelezwe kuwa aligusa matumbawe.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kila jiwe jipya lafaa kutengwa katika tangi la pembeni kwa wiki kadhaa na kukaguliwa kwa tochi, usiku na mchana. Anemoni mmoja akionekana, ashughulikiwe siku hiyo hiyo, kwani asiyeziba ufa hujenga ukuta.